Ugali Usiachwe Peke Yake

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa wanafunzi wa sekondari huko Nyabibuye, mkoani Kigoma. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali ya wanafunzi.)

 

Kwa kawaida mtu wa elimu ya afya akiingia shuleni, wanafunzi hujiandaa kusikia habari za UKIMWI, malaria au mimba za utotoni. Hayo tutayazungumza siku nyingine. Leo mada yetu ni chakula. Tena si kile cha kwenye michoro ya kitabu cha Biolojia, ni kile kinachopikwa hapa Nyabibuye, Kakonko, Kibondo, Kasulu na Buha yote: ugali wa muhogo, maharage, kisamvu, mawese, dagaa, ndizi, viazi vitamu, uji wa ulezi.

Hebu niwaulize. Ukipewa hela leo ukaambiwa nenda mjini ukale unachotaka, utaagiza nini? (Wanafunzi: Chipsi mayai!) Nilijua! Na mgeni akija nyumbani, mama anahangaika kutafuta mchele na soda, maana ugali wa muhogo na maharage tunaona aibu kumwekea mgeni. Anayekula wali tunasema ana maisha. Anayekula muhogo tunasema ana shida.

Basi leo nina mambo mawili. La kwanza, chakula cha Buha si cha kuonea aibu. La pili, na hili ndilo zito zaidi, chakula hicho hujenga mwili pale tu kinapoliwa pamoja na wenzake na kutayarishwa kwa utaratibu wake. Ukikikata nusu kinaweza kukudhoofisha, na hata kukulemaza. Kaeni vizuri tuyaone yote mawili.

KILA TAIFA NA CHUNGU CHAKE

Watu wa kila nchi wana chakula wanachojivunia. Hapa Tanzania Wapare wana makande, Wachagga wana mtori, Wahaya wana ndizi zao, Wagogo wana mlenda, Zanzibar wana urojo, na watu wa Pwani wanajulikana kwa pilau. Na ukiuliza chakula kinachotuunganisha wote kama taifa, wengi watakujibu ugali.

Majirani zetu wa Malawi nao wanakula ugali, wao wanauita nsima. Je, wanauonea aibu? Hata kidogo! Mwaka 2017 UNESCO, lile Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, liliuingiza utamaduni wa nsima wa Malawi katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Ugali huo huo, jamani!

Twende mbali zaidi, Ulaya ya Mashariki. Watu wa Ukraine wana supu yao inayoitwa borshch. Hupikwa kwa bitiruti, ile mizizi myekundu inayotia rangi kila kitu, pamoja na kabichi, viazi na vitunguu. Ni chakula cha wakulima, kimetokana na mazao yanayostahimili baridi. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, watu wengi walikimbia makwao, na mwaka huo huo UNESCO iliingiza upishi wa borshch wa Ukraine katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Fikirini hapo. Nchi iko vitani, na bado watu wanaona supu yao ya bitiruti ni kitu cha kulindwa.

Na msidhani habari hiyo haituhusu. Tanzania inanunua nje sehemu kubwa ya ngano yake, na Urusi na Ukraine ni wakulima wakubwa wa ngano na alizeti. Vita vilipoanza, bei ya unga wa ngano na mafuta ya kula ilipanda hadi huku kwetu. Muuza chapati na maandazi aliona. Lakini muhogo wa shambani kwako, maharage ya shambani kwako, na mchikichi ulio nyuma ya nyumba havikungoja meli. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

HIVI CHAKULA CHA ASILI NI KIPI?

Hapa nataka kuwashangaza kidogo. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Uliletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Mahindi, maharage, karanga na viazi vitamu navyo vilitoka bara la Amerika. Ndizi zilitoka Asia. Mchikichi ulitoka Afrika ya Magharibi. Walio wenyeji hasa wa upande huu wa Afrika ni mtama na ulezi, ambao babu na bibi wa mababu zetu waliusaga kwa jiwe kabla ya kuuona muhogo.

Na vile viazi mviringo vya chipsi? Vilitoka milima ya Andes, huko huko Amerika ya Kusini ulikotoka muhogo. Kwa hiyo chipsi na muhogo wa kuchemsha ni ndugu wa bara moja! Mmoja tumemvika suti na mwingine tumemvika matambara, lakini wote ni wanga.

Muhogo ulienea sana Tanganyika wakati wa ukoloni, serikali ilipohimiza, na pengine kuamuru, kila kaya iupande kama akiba ya njaa. Ulipendwa kwa sababu unavumilia ukame na unaweza kukaa ardhini muda mrefu ukisubiri. Chakula hakiwi cha asili kwa kuwa kiliota hapa tangu mwanzo wa dunia. Kinakuwa cha asili pale watu wanapojifunza tabia zake, wakajua namna ya kukitayarisha na cha kukila nacho. Maarifa hayo ndiyo urithi wenyewe. Mtu akibaki na muhogo lakini akapoteza maarifa, amebaki na ganda.

UGALI NA WENZAKE

Sasa tuangalie sahani. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini kama gramu 1 au 2 tu. Gramu 100 za maharage makavu zina gramu 20 na zaidi. Gramu 100 za dagaa wakavu zina gramu 50 na zaidi. Mnaona? Ugali wa muhogo unakupa nguvu ya kulima na kutembea, lakini hauwezi kukujengea misuli, damu wala ubongo. Haukuumbwa kwa kazi hiyo. Kazi hiyo ni ya wenzake.

Sahani kamili ya Buha ni hii. Ugali katikati. Pembeni maharage, au kunde, au njugu mawe. Halafu majani: kisamvu, mchicha, majani ya maboga, majani ya maharage. Ndani ya mboga kuna mawese au karanga zilizotwangwa. Siku nyingine kuna dagaa au mgebuka kutoka Ziwa Tanganyika. Juu yake papai, embe, ndizi mbivu au kipande cha limau. Daktari wa lishe hana la kuongeza kwenye sahani hiyo.

Wale dagaa wa Kigoma tunaowachukulia kawaida, Dar es Salaam watu wanawatafuta kwa jina. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake ikiwemo, ndiyo maana anakupa madini ya kujenga mifupa na meno yako.

Tatizo ni kwamba hali ikiwa ngumu, wenzake ugali ndio wanaoondoka kwanza. Tunauza maharage yote msimu wa mavuno, tunabaki na muhogo. Tunauza mayai, tunanunua soda. Sahani inabaki na mlima wa ugali na mchuzi wa chumvi. Tumbo limejaa, lakini mwili una njaa.

Msione ni maneno tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano hapa nchini wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Na mikoa iliyokuwa juu kabisa ni ipi? Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa kulima mahindi! Chakula kipo, magunia yapo, lakini ugali umeachwa peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MUHOGO UNATAKA SUBIRA

Nimesema chakula kikikatwa nusu kinaweza kukulemaza. Sikutia chumvi.

Muhogo mchungu una sumu inayoitwa sianidi. Wazee walijua kuiondoa: unamenya, unaloweka kwenye maji siku tatu hadi tano mpaka ulainike, unaosha, unaanika juani mpaka ukauke kabisa na kuvunjika, ndipo unatwanga au unasaga. Siku hizo si za uvivu. Ndizo zinazotoa sumu.

Mwaka 1985 wilaya ya Tarime, mkoani Mara, ilipigwa na ukame. Mazao mengine yalikauka, ukabaki muhogo mchungu. Watu wana njaa, nani atangoja siku zote hizo? Utayarishaji ukafupishwa. Maharage na samaki nao walikuwa hawapatikani. Ndipo ukazuka ugonjwa wa ajabu. Mtu anaamka asubuhi miguu yote miwili imekakamaa, hawezi kutembea kama jana. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Jina hilo linatoka lugha ya Kiyaka ya Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Huwapata zaidi watoto na akina mama, na miguu ikishakakamaa hairudi kuwa kama zamani.

Angalieni kilichotokea. Muhogo ulikuwa ule ule ambao watu wameula miaka yote. Kilichobadilika ni mambo mawili: haraka, na kukosa wenzake. Mwili wenyewe una uwezo wa kuivunja sumu kidogo ya muhogo, lakini unahitaji protini kufanya kazi hiyo. Ukila muhogo usioloweka vizuri, tena bila maharage wala dagaa, mwili unakosa silaha.

Kwa hiyo kijana, mama akikuambia huu muhogo bado haujaiva majini, usimharakishe. Na kisamvu nacho ni jani la muhogo, kina sumu ile ile. Kitwange kabisa, kisha kichemshe vizuri.

VITU VIDOGO VYENYE KAZI KUBWA

Mawese. Ile rangi nyekundu ndiyo mali yenyewe. Mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Lakini kuna watu huyaunguza mawese jikoni mpaka yawe meupe ili yaonekane kama mafuta ya dukani. Ukifanya hivyo umefukuza vitamini na kubakiza mafuta matupu. Pasha kidogo, weka mboga.

Chumvi. Uvinza, hapa hapa mkoani kwetu, watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Siku hizi tunatakiwa kutumia chumvi yenye madini joto. Madini haya huzuia uvimbe wa shingo unaoitwa rovu, na mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto unaathirika. Sisi walaji wa muhogo tunayahitaji zaidi, kwa kuwa mabaki ya ile sumu ya muhogo huyazuia madini joto kufanya kazi mwilini. Soma pakiti kabla ya kununua. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto na jua, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Chai. Chai ya rangi pamoja na mlo huzuia madini ya chuma ya maharage na majani yasiingie mwilini. Kunywa chai, hakuna ugomvi, lakini kama saa moja hivi kabla au baada ya chakula. Badala yake, kamulia limau kwenye mboga au kula papai au chungwa. Vitu hivyo husaidia chuma kuingia.

WADOGO ZANGU WASICHANA

Chuma nimekitaja kwa sababu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Karibu nusu! Msichana anapoteza damu kila mwezi, na bado mwili wake unakua. Ndiyo yule anayesinzia kipindi cha Hisabati, anayeona kizunguzungu mstarini, anayehema akipanda kilima na ndoo ya maji. Tunasema mvivu. Pengine si mvivu, ana damu kidogo.

Ukijiona hivyo, au ndani ya kope zako pamepauka, nenda zahanati wakupime. Usijinunulie vidonge dukani. Upungufu wa damu hauletwi na chakula pekee. Malaria na minyoo navyo hunyonya damu. Kwa hiyo lala kwenye chandarua, vaa viatu, nawa mikono, halafu rudi kwenye ile sahani kamili.

Na hapa shuleni, wazazi wanapoombwa kuchangia mahindi na maharage, msiende nyumbani kuwaambia kwamba makande hamyataki. Najua mnayachoka! Lakini mahindi na maharage vikikutana vinakamilishana, protini iliyopungua kwenye kimoja inapatikana kwenye kingine. Mwanafunzi aliyekula makande mchana na yule aliyeshinda njaa mpaka saa kumi hawasikii somo moja, hata kama wanakaa dawati moja.

MASWALI YA WANAFUNZI

Dada, sisi kwetu nyama tunakula Krismasi tu. Damu tutaipata wapi?
Nyama ni nzuri, lakini si lazima iwe kila siku. Dagaa kiganja kimoja, maharage, majani ya kijani, uji wa ulezi, na tunda lenye ukali kidogo kila siku vinakusaidia sana. Kama mna kuku, msiuze mayai yote. Tenga hata mawili matatu kwa wiki kwa ajili ya watoto na mama mjamzito.

Bibi anasema mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele. Ni kweli?
Si kweli. Mwiko huo upo sehemu nyingi za nchi yetu, na nadhani umewanyima akina mama wengi chakula bora. Usibishane na bibi kwa kiburi. Mwambie kwa heshima, na ikiwezekana mwende naye kliniki amsikie nesi mwenyewe.

Dona na sembe, kipi bora?
Dona. Sembe hukobolewa, ganda na kiini vinaondoka na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Lakini mahindi ya dona yawe makavu na safi. Mahindi au karanga zenye ukungu usile, zinaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara.

Nimesikia mawese yanaharibu moyo.
Mafuta yoyote yakizidi yana madhara, na mawese yana mafuta mazito. Kijiko kimoja au viwili kwenye mboga ya familia vinatosha. Mboga isiogelee.

Dada, mimi ni mvulana. Mambo ya kupika yananihusu nini? (Kicheko)
Wewe huli? Basi yanakuhusu! Kesho utakwenda chuo, utapanga chumba, hakuna mama wala dada. Usipojua kuloweka maharage utaishi kwa chipsi na mkopo. Na siku ukiwa baba, wewe ndiye utakayeamua kama maharage yote yauzwe au debe moja libaki kwa watoto. Uamuzi huo ni wa lishe kuliko mnavyodhani.

KAZI YA KWENDA NAYO NYUMBANI

Sitaki mwondoke mikono mitupu. Wiki hii, kila mmoja akae na bibi, babu au mzee yeyote wa jirani amuulize mambo manne:

1. Zamani mlikula nini ambacho sisi hatuli tena? Andika jina lake kwa Kiha.
2. Muhogo mchungu mliutayarishaje, na kwa siku ngapi?
3. Mwaka wa njaa mlikula majani na mizizi gani?
4. Ni chakula gani mwanamke au mtoto alikatazwa, na kwa nini?

Mleteni majibu kwa mwalimu wa Biolojia, mjadili darasani: lipi ni la kulinda, na lipi ni la kuacha? Maana si kila la kale ni zuri. Kuloweka muhogo tulinde. Kumnyima mjamzito yai tuache.

Waswahili husema, mwacha asili ni mtumwa. Chipsi kuleni siku moja moja, sina ugomvi nazo. Ila leo jioni sahani ikiletwa, iangalie kwanza. Ukiona ugali uko peke yake, inuka, nenda nyuma ya nyumba ukachume hata majani ya maboga.